Nyumba Njema Si Mlango

Yapo majengo ambayo hulipiwa na wananchi wote na kutumiwa na wachache. Kiwanja cha ndege ni mojawapo. Kwa sababu hiyo mjadala juu ya upanuzi wake huachiwa mawaziri, wahandisi na mabenki, na sisi wengine hungojea kusoma gazetini habari za uzinduzi. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa nini sisi tunaofundisha Kiswahili nchini Uganda tumeona yafaa kuuingiza mjadala huo darasani, na faida tuliyoivuna.

Kiwanja chetu cha Entebbe, kilichoko kando ya Ziwa Viktoria, kina historia nzito. Ndipo aliporukia Malkia Elizabeth kurudi kwao mwaka 1952 baada ya kupata habari ya kifo cha baba yake. Na ndipo palipotokea mkasa wa mateka uliomalizika kwa mapigano usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976. Mwaka 2015 serikali ilikubaliana na benki moja ya China mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya kukipanua. Mwaka 2021 masharti ya mkopo huo yalizua maswali makali Bungeni. Basi wanafunzi wetu wa chama cha mdahalo wakaleta hoja: kwamba fedha kama hizo zingalifaa zaidi kujengea zahanati.

Upande wa watetezi ulisema kwamba wengi wetu hatutapanda ndege maishani. Upande wa wapinzani ukajibu kuwa nchi isiyo na bahari, kama yetu, haina budi kuwa na mlango wa angani, na kwamba samaki na maua yetu hayafiki Ulaya kwa miguu. Hoja zote mbili zilikuwa nzuri, lakini zilikuwa zile zile za magazetini. Ndipo aliposimama binti mmoja ambaye dada yake mkubwa alikwenda Arabuni kufanya kazi za nyumbani. Alisema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi sijapanda ndege, lakini kiwanja nimekitumia. Tulimsindikiza dada, tukaagana naye nje, mama akakaa chini sakafuni. Ningependa kujua waliochora jengo walimwekea mama nafasi gani."

Ukumbi ulinyamaza. Hata sisi walimu hatukuwa na jibu la haraka. Tangu hapo mdahalo ulibadilika. Badala ya kuuliza tu kama lijengwe au lisijengwe, vijana walianza kuuliza ni jengo la namna gani, na ni la nani.

Tuliwapa mifano ya nchi jirani waipime. Jijini Nairobi, jengo la abiria lililofunguliwa mwaka 1978 lilizidiwa na wingi wa wasafiri. Na moto wa Agosti 2013 ulipouteketeza ukumbi wa kuwapokea wageni, ilibidi watu wapokewe kwa muda katika mahema. Mpango wa kujenga jengo jipya kubwa la abiria milioni 20 kwa mwaka ulifutwa mwaka 2016. Mwaka 2024 ukazuka mpango mwingine wa kukikabidhi kiwanja hicho kwa kampuni ya Adani ya India kwa miaka 30. Wafanyakazi waligoma, wananchi walilalama, na mwezi Novemba Rais akatangaza kuufuta. Jijini Dar es Salaam, jengo la pili, lililofunguliwa mwaka 1984, lilisanifiwa na Mfaransa Paul Andreu, ambaye aliziacha nguzo zitanue matawi kama miti. Mwaka 2019 likafunguliwa jengo la tatu, lenye uwezo wa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka. Na ili vijana wasidhani kuwa jina kubwa latosha, tuliwaeleza kwamba huyo huyo Andreu ndiye aliyebuni ukumbi mmoja wa kiwanja cha Charles de Gaulle, Paris, ambao sehemu ya paa lake ilianguka mwezi Mei 2004, hata haujatimiza mwaka, ikaua watu wanne.

Kutokana na mifano hiyo vijana walifikia uamuzi ambao twaona ni wa busara. Ukubwa si ubora, na uzuri wa macho si uthabiti. Jengo jema ni lile linalosimama imara, linalomwongoza mgeni bila kumpoteza, linaloweza kukarabatiwa na mafundi wa nchi yenyewe, na linalokumbuka kwamba kwetu mtu mmoja hasafiri peke yake. Husindikizwa na mama, shangazi, wadogo na majirani. Msanifu anayehesabu abiria tu amehesabu sehemu ndogo ya watu watakaofika mlangoni pake.

Hapa ndipo somo letu la lugha lilipopata chakula chake. Neno lenyewe *sanifu* tunalitaja kila siku tunaposema Kiswahili sanifu, nalo ndilo linalomtaja msanifu wa majengo. Kusanifu ni kutunga jambo kwa ustadi, kila kipande kikakaa mahali pake. Lakini neno hilo lina maana nyingine, ya kumsifu mtu huku ukimdhihaki. Wanafunzi walicheka walipoielewa, kisha mmoja wao akasema kwamba kuna majengo yaliyosanifiwa, na kuna majengo yanayotusanifu. Hatujapata kusikia uhakiki mfupi kuliko huo.

Wapo wenzetu watakaosema kwamba hiyo si kazi ya mwalimu wa Kiswahili. Twawajibu kwa heshima kwamba lugha isiyoweza kujadili deni la taifa, paa, nguzo na nafasi ya mama kukaa itabaki kuwa lugha ya salamu na nyimbo. Hapa Uganda, ambako Kiswahili bado kinatafuta makao yake, hatari hiyo ni kubwa zaidi. Mwanafunzi hujifunza lugha upesi anapokuwa na jambo la kusema ndani yake.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Tunawaomba walimu wenzetu wa Kigali, Bujumbura, Bukavu na kwingineko wawaulize vijana wao juu ya jengo lolote la umma lililo karibu nao, iwe stendi, soko au hospitali: limemwekea nani kiti, na limemwacha nani asimame? Hoja hiyo haihitaji kitabu cha kiada, nayo majibu yake yatahitaji Kiswahili chote walicho nacho.