Mikwaruzo ya Gari Katika Hewa ya Chumvi

Katika mji wetu wa Tanga, ambao tangu zamani wasifika kwa baiskeli, ziko nyumba nyingi sasa zenye gari uani, na nyingi katika gari hizo zimetoka Japani hali zimekwisha tumika miaka kumi na zaidi. Mwenye gari huangalia injini na matairi. Ama mkwaruzo wa rangi hudhani ni jambo la urembo, la watu wapendao kutazamwa. Lau ingekuwa hivyo tusingeushughulisha wino wetu. Lakini kwetu sisi tukaao pwani, kutoka Pangani hadi Moa, rangi ya gari ni ngao.

Upepo wa bahari hubeba chumvi. Akaaye Raskazone huiona asubuhi juu ya vioo vya madirisha, na mabati ya nyumba zetu huingia kutu upesi kuliko mabati ya bara. Chumvi huvuta unyevu wa hewa, na maji yenye chumvi huiharakisha kutu juu ya chuma. Gari iliyochubuka hata chuma kikaonekana, kama iko Dodoma yaweza kukaa muda mrefu bila ya dhara kubwa. Hapa kwetu hazipiti siku nyingi utaona wekundu. Na sababu za kuchubuka hazitukosi: baiskeli katika barabara nyembamba za Ngamiani, mbuzi wapandao juu ya boneti, na kwa wapitao njia za mashamba ya mkonge, kama Kigombe, ile miba iliyo katika ncha za majani yake.

Atazamaye mlango wa gari hudhani rangi yake ni moja. Sivyo. Juu ya bati hupakwa kwanza rangi ya chini, ambayo mafundi huiita praima, na kazi yake ni kushikamana na chuma na kukikinga. Juu yake huja rangi yenyewe tuionayo. Tena juu ya hiyo, katika gari nyingi za zama hizi, huwekwa tabaka lipitishalo nuru kama kioo, ambalo mafundi wetu huliita kiria. Tabaka zote hizo kwa jumla unene wake ni kiasi cha sehemu ya kumi ya milimita, yaani kama ukurasa mmoja wa daftari la mtoto, na kiria peke yake haizidi nusu ya hapo. Baadhi ya gari nyeupe hazina kiria kabisa, na alama yake ni kuwa ukizisugua kitambaa hugeuka cheupe.

Tuliyajua haya kwa sababu ya msumari. Gari ya chuo chetu ilikuwa Toyota Noah ya rangi ya fedha, iliyonunuliwa kwa michango ya wazee ili kuwachukua watoto wakaao mbali. Siku moja baada ya sala ya Alasiri, mtoto wa miaka saba, ambaye ndiyo kwanza amefika herufi ya pili, aliokota msumari akaandika mlangoni alifu na bee, kubwa, za kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Baba yake alipopata habari akaja na fimbo. "Maalimu," akasema, "niachie nimtie adabu." Tukamjibu, "Bwana, mwanao ameandika alichofundishwa, ila hajaambiwa pa kuandika. Fimbo rudi nayo nyumbani. Yeye atafanya kazi nasi mpaka mlango upone."

Fundi mmoja alitaka shilingi 180,000 kwa kuupaka upya mlango mzima. Sanduku la chuo lilikuwa na 70,000, na ndani yake mlikuwa na mafuta ya gari ya mwezi mzima. Basi hapakuwa na njia illa kuufanya kwa mikono yetu, nasi tukaenda kwa fundi mwingine, mzee mstahiki, tukakaa naye siku mbili tukimtazama na kumwuliza.

Jambo la kwanza alilotuonyesha ni kupima kina. Lowesha mkwaruzo kwa maji. Ukipotea pale ulipo maji, umeishia katika kiria. Kisha pitisha ukucha juu yake polepole. Ukucha ukinasa, jeraha limeshuka. Ukiona weupe au rangi ya majivu, hiyo ni praima. Ukiona mng'ao au wekundu, umefika kwenye chuma. Katika mlango wetu yalikuwamo yote matatu. Alifu, iliyovutwa upesi kwa mkono mmoja, haikuvuka kiria. Tumbo la bee lilifika praima. Ama nukta yake, mtoto alikuwa ameuzungusha msumari pale kwa bidii, kwani tumewasisitizia kuwa bee bila ya nukta si bee. Hiyo ilifika katika chuma, na kwa siku nne tu ilikuwa imekwisha geuka nyekundu.

Alifu ilitibiwa hivi. Mlango ulioshwa kwa sabuni na maji matamu ya bomba, si ya kisima cha chumvi, maana punje ya mchanga iliyobaki huongeza mikwaruzo mingine. Kisha msasa wa maji namba 2000, ulioroweshwa na kuviringishwa juu ya kipande cha ndala, tukausugua kwa mkono mwepesi, mtoto akimimina maji kwa kopo bila ya kukoma. Mahali pakawa na ukungu. Tukapita kwa namba 3000, na mwisho kwa dawa ya kung'arisha na kitambaa laini. Yataka kuacha mara tu mstari unapofifia. Ajitiaye ari ya kuumaliza kabisa huimaliza kiria yenyewe, khasa katika kingo za mlango ambako rangi ni nyembamba zaidi.

Bee ilihitaji rangi. Kila gari ina namba ya rangi yake. Katika Toyota zitokazo Japani namba hiyo aghalabu imo katika kibati kidogo ndani ya boneti. Yetu ilikuwa 1F7, na wachanganyao rangi hutosheka na namba hiyo kukuchanganyia kopo dogo. Nukta ndiyo iliyotutaabisha. Mafundi wa madau hawapaki deheni juu ya uchafu. Hukwangua kwanza mpaka mbao safi. Na chuma ni vivyo hivyo, kwa kuwa kutu iliyofunikwa huendelea kula chini ya rangi, na baadaye rangi huvimba kama ngozi iliyoungua. Tulikunja msasa namba 400 hata ukawa na ncha, tukakwangua mpaka chuma kikang'aa, tukapangusa kwa spiriti, na saa ile ile tukatia praima. Ilipokauka tukatia rangi kwa kijiti cha kuchokonolea meno, tone jembamba juu ya tone, kila moja likingoja jingine likauke, na kiria juu yake. Tuliiacha wiki nzima kabla ya kuisawazisha kwa msasa namba 2000. Gharama zote zilikuwa shilingi 41,000.

Wakati nao una hukumu yake. Katika masika, au alfajiri penye umande, unyevu huingia katika rangi mbichi ikafanya utando mweupe. Na juani mchana hukauka juu kabla ya ndani. Kivulini, siku kavu ya kaskazi, ndiyo bora. Na wazee wa nyumba watuelewe vema: tina iwekwe mbali na jiko la mkaa na mbali na watoto, na rangi za kupuliza zichanganywazo na dawa ya kugandisha ziachiwe mafundi wenye vifaa vya kujikinga, kwani mvuke wake huweza kumwachia mtu pumu.

Wako watumiao dawa ya meno. Hiyo husugua kidogo, na kwa mikwaruzo ya juu huenda ikasaidia. Wako wapakao mafuta ya nazi au ya taa, na mkwaruzo hutoweka kabisa, kama utowekavyo kwa maji, kwa kuwa mafuta hujaza ufa na nuru ikapita sawa. Lakini gari ikioshwa mara moja na mbili, mkwaruzo hurudi kama ulivyokuwa.

Ujanja huo wajulikana sana na madalali. Mwaka 2023, chuo kilipoamua kuiuza Noah ile, dalali alitushauri tuipake mafuta mlangoni na chini ya milango, ambako kutu ilikuwa imeanza kutoboa. Rangi ya fedha iliyotiwa kwa kijiti hailingani kabisa na ya kiwandani, na nukta ile ilionekana kwa mwenye kuinama. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwahi kutia mkono katika lundo la nafaka sokoni akaukuta unyevu chini yake, na alivyomkanya mwenye mali ni jambo tuwafundishalo watoto wetu. Na katika fiqhi, mnunuzi aliyefichwa aibu ana haki ya kukirudisha kitu. Basi tulimwinamisha mnunuzi, tukamwonyesha nukta, tukamgongea bati la chini asikie lililooza. Alipunguza shilingi 300,000, akalipa, akaondoka na gari kwenda Muheza.

Katika kamati walikuwako walionung'unika kuwa fedha ya watoto imetupwa. Tumeiandika hesabu katika daftari la chuo, bei iliyotakwa na bei iliyopatikana, na sababu yake pembeni, na daftari liko wazi kwa kila mzee atakaye kulisoma.