Mtoto wa Kivure aliyepelekwa Mangapwani

Huku Birmingham tunasukuma siku. Nimetoka kwenye zamu nne za usiku mfululizo, leo ndio napata nafasi ya kukaa niwaandikie.

Wengi wenu mnajua mama anataka mwanangu arudi akasome Unguja, akae kwa mama yake mdogo. Ana miaka 8. Hoja za mama ni za kweli: nikiingia zamu analala kwa jirani, na Kiswahili anakisikia lakini anajibu kwa Kiingereza. Ila kila tukiongea kwenye simu anamalizia hivi: "Mbona Mzee Mwinyi alipelekwa Unguja mdogo, na akawa rais?"

Haya, tumzungumzie Mzee Rukhsa basi.

Alizaliwa tarehe 8 Mei 1925 kijijini Kivure, Mkuranga, huku kwetu Pwani. Baba yake alitaka asome dini, ndipo akavushwa bahari akiwa bado mtoto. Mwaka 1933 akaanza Shule ya Mangapwani, naye alikuwa na miaka 8 kama wangu. Mwaka 1937 akaingia Dole, akasoma mpaka 1942, kisha chuo cha ualimu.

Jamani, tusisahau kwamba Unguja ya siku zile ilikuwa nchi nyingine. Kulikuwa na Sultani Khalifa bin Harub chini ya ulinzi wa Waingereza, na Tanganyika ilikuwa na gavana wake. Lakini mtoto wa Kivure alishuka pwani akakuta lugha ile ile, dini ile ile, wali na samaki wale wale. Wangu atashuka bandarini Malindi akiwa mgeni wa kila kitu isipokuwa sura za shangazi na wajomba kwenye picha.

Tena Mwinyi hakupita tu Mangapwani. Mwaka 1945 alirudi pale pale kufundisha, baadaye akawa mwalimu mkuu wa shule iliyomfundisha kusoma. Hata Uingereza alifika, akasoma ualimu Durham kati ya 1954 na 1956, kaskazini kuliko huku niliko, halafu akarudi Unguja. Mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na mwaka uliofuata Rais wa Tanzania mpaka 1995.

Alifariki Dar es Salaam tarehe 29 Februari 2024, akiwa na miaka 98. Alizikwa wapi? Si Kivure. Alizikwa Mangapwani.

Hapo ndipo ninapobaki kimya mama akishakata simu. Kivure ilimtoa mtoto, na kaburi liko Mangapwani. Mtoto huwa wa pale alipolelewa. Nikimpeleka wangu Unguja, nijue nampa dada yangu mtoto, mimi nitabaki mtu wa kutuma hela na kupiga simu Jumapili. Nikimweka huku, nijue pia kwamba siku moja mtu akimuuliza kwao wapi, atasema Birmingham, na hatakuwa amekosea. Sisi wauguzi tunawaona wazee wetu wodini huku, wajukuu wamesimama pembeni ya kitanda hawaelewi bibi anaomba nini. Hilo linaniogopesha kuliko baridi.

Kwa hiyo mama, usinitajie urais tena. Nimeamua hivi: shule zikifungwa mwisho wa Julai, nampeleka Unguja wiki zote 6 za likizo. Aende chuoni na wenzake asubuhi, atumwe dukani, azungumziwe Kiswahili tupu. Dada, usimwonee huruma akijibu Kiingereza. Na umpeleke Mangapwani siku moja, akaione. Septemba anarudi kwangu, na mwaka ujao tutafanya hivyo hivyo.

Kama mna ushauri mwingine, nasikiliza. Msalimieni babu, mwambieni dawa ya presha asiache kumeza hata akijisikia mzima.