Kutoka magodoro ya Nakuru hadi rafu tupu

Zongwe, Kalemie – Maduka mengi ya hapa huanza na meza moja mbele ya nyumba: sabuni, chumvi, sukari ya kupima, mafuta katika chupa ndogo. Familia iliyokimbia vita na kufika mikono mitupu huanza vilevile, na mali ya kukopa kwa mwenye depo.

Nchini Kenya, maduka makubwa mawili yalianza kwa udogo, yote mawili katika eneo la Nakuru. Jina la Nakumatt lilitokana na Nakuru Mattresses, yaani magodoro ya Nakuru. Jamaa ya Shah iliuza magodoro, kisha ikaongeza vyakula na vyombo. Naivas ilianzishwa na Peter Mukuha Kago, kutoka duka dogo la Rongai, ikachukua jina kutoka mji wa Naivasha.

Nakumatt ilikimbia. Ilivuka mipaka mpaka Rwanda, Uganda na Tanzania, ikafikia matawi yapata 60. Aliyeingia aliona utajiri. Lakini ilipanuka kwa mikopo ya benki na ya wale walioleta bidhaa. Malipo yalipochelewa, wao wakaacha kuleta. Mwaka 2017 rafu zilibaki tupu, na wenye majengo wakaanza kuifukuza. Madeni yalipita shilingi za Kenya bilioni 30. Januari 2020, waliokuwa wakiidai walipiga kura ifungwe. Matawi sita ya mwisho yalinunuliwa na Naivas, iliyokuwa imekua polepole zaidi.

Hasara haikuishia kwa wenye duka. Wafanyakazi walipoteza kazi, na wenye viwanda vidogo walibaki na karatasi za deni.

Ndugu msikilizaji, mama mwenye meza yuko pande zote mbili: anamdai jirani, na depo inamdai yeye. Jioni feza iko mkononi, watoto wana njaa, na yote inaonekana ni yake. Kumbe sehemu kubwa ni ya depo, na kilicho chake ni faida tu.

Mikebe miwili inasaidia: mmoja wa depo, mwingine wa nyumbani. Jirani akikopa, aandikwe, hata akiwa ndugu. Kwa aliyepoteza shamba na nyumba, kuaminiwa na mwenye depo ndiyo mtaji aliobaki nao. Akilipa Jumamosi, Jumatatu atapewa mfuko mwingine.