Mapishi ya Krismasi kwa Mkono wa Nyanya

Kila nyumba ina harufu yake ya Krismasi. Zipo nyumba ambazo siku hiyo hunukia pilau iliyokolea iliki na mdalasini. Zipo ambazo moshi wa nyama choma hukulaki kabla hujafika langoni. Kwetu Vihiga harufu za Krismasi ni tatu: chapati, keki iliyookwa kwa makaa, na mchuzi wa kuku wa kienyeji. Nia yangu katika kurasa hizi si kujigamba kuhusu mapishi ya kwetu. Nataka kusimulia jinsi mapishi hayo yalivyonusurika kupotea, kisha nikupe na wewe uyajaribu nyumbani kwenu.

Mwenye mapishi hayo ni nyanya yangu, mzaa baba. Yeye hajui kusoma wala kuandika, na hajawahi kumiliki mizani. Kipimo chake ni mkono. Unga ni konzi kadhaa, chumvi ni ya vidole vitatu, mafuta ni "mpaka utosheke". Keki alijifunza katika miaka ya sitini, wakati vikundi vya Maendeleo ya Wanawake vilipokuwa vikiwafundisha akina mama vijijini kuoka, kushona na kutunza watoto. Chapati zilifika huku kwetu mapema zaidi. Wahindi waliokuja kujenga reli kutoka Mombasa hadi Kisumu, kati ya mwaka wa 1896 na 1901, walikuwa zaidi ya elfu thelathini, na baadhi yao walibaki. Wao na wafanyabiashara wa Kihindi waliofungua maduka ndio waliotuletea chakula hiki. Leo ukimwambia mtoto wa kwetu kwamba chapati si chakula cha mababu zake, atakucheka!

Kwa miaka mingi unga wa ngano ulikuwa ghali kwa watu wa mashambani. Baba hutuambia kwamba enzi za utoto wake chapati ilikuwa ya Krismasi, na ukiikosa siku hiyo, basi subiri mwaka mzima. Ndiyo maana mapishi haya kwetu si ya kujaza tumbo tu. Ni kalenda.

Sasa sikiza yaliyotupata. Mwezi wa Machi 2024 nyanya alipatwa na kiharusi. Alirudi kutoka hospitalini akiwa na akili timamu na ulimi mkali kama kawaida yake, ila mkono wa kulia ulikuwa umelegea kama kitambaa kilicholowa maji. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimpa mpira mdogo awe akiufinya kila siku. Nyanya aliutazama mpira ule, akauweka kando.

"Huu ni wa watoto kuchezea," akasema. "Nileteeni donge la unga."

Tangu siku hiyo alifinya donge la unga kila asubuhi. Jioni donge hilo lilikuwa halali ya kuku.

Ilipofika Novemba, jamaa walianza kupanga safari za Krismasi. Kama ujuavyo, nauli za kuja Magharibi hupanda sana mwezi wa Desemba, kwa hivyo mipango hufanywa mapema. Shangazi mmoja akapiga simu, na baba akaiweka kwa sauti ya juu ili sote tusikie. "Mama asisumbuliwe mwaka huu," shangazi akasema. "Keki tutanunua supamaketi Kisumu, na chapati tutaagiza hotelini. Pesa tutachanga."

Shangazi alisema hayo kwa mapenzi, sina shaka. Lakini nyanya alikuwa ameketi pale pale, akasikia kila neno. Hakuteta. Alisema tu, "Basi mwaka huu mimi nitakuwa mgeni hapa kwangu."

Usiku huo sikupata hata lepe la usingizi. Wahenga walinena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikajiuliza, kama mhunzi yupo na ujuzi upo, kinachokosekana si koleo tu? Asubuhi nikamwendea jikoni. "Nyanya," nikamwambia, "wewe toa maneno, mimi nitatoa mikono."

Alinitazama kwa muda mrefu. "Hebu lete hiyo mikono nione," akasema. "Umekata kucha?"

Habari zikasambaa bomani. Baba mdogo aliposikia, alicheka hadi akajishika mbavu. "Mwanamume mzima, umeshatahiriwa, bado unakaa mafigani? Si uwaachie dada zako?"

Nyanya akamjibu bila kugeuka. "Wale wanaopika kwenye hoteli kubwa za Kisumu na kulipwa mishahara, ni dada za nani?" Baba mdogo alikosa la kusema, akaenda zake kutazama ng'ombe.

Tulianza mazoezi wakati wa likizo. Nilinunua daftari la kurasa tisini na sita. Kila alilolisema nyanya kwa konzi, mimi nililipima kwa kikombe na kijiko kisha nikaliandika. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza chapati. Chukua pakiti moja ya unga wa ngano, kilo mbili. Tia vijiko viwili vya chai vya chumvi, vijiko vitatu vikubwa vya sukari na nusu kikombe cha mafuta. Changanya. Kisha mimina maji ya uvuguvugu kidogo kidogo huku ukikanda, kama lita moja na robo hivi. Kuna unga unaonywa maji kuliko mwingine, kwa hivyo usimwage yote kwa pupa. Kanda dakika kumi na tano. Utajuaje umekandika? Nyanya aliniambia nishike ndewe ya sikio langu. "Unga ukiwa laini kama hapo, acha." Basi nikashinda siku hizo na masikio meupe kama ya sungura.

Ukishakanda, funika unga kwa kitambaa chenye unyevu, uupumzishe kwa saa moja. Wengi huharibu chapati hapa kwa haraka zao. Unga wa ngano una protini ambayo ukiikanda hujifunga kama mpira. Usipoupumzisha, chapati hujikunja tena kila ukiisukuma, na ikiiva huwa ngumu kama ngozi ya ngoma. Nyanya hajasoma sayansi, lakini yeye husema, "Unga umechoka kama wewe. Uache ulale."

Baada ya hapo sukuma, paka mafuta, kunja kama mkeka, zungusha kama konokono, upumzishe tena dakika ishirini, ndipo usukume mara ya mwisho. Mafuta yale ya katikati ndiyo huzifanya chapati ziachane tabaka kwa tabaka. Kaanga kwenye kikaango kilichopata moto sawasawa, kavu kwanza pande zote mbili, halafu ndipo utie mafuta. Ukizitoa, zifunike zikiwa zimepangana, mvuke wake uzilainishe. Pakiti moja hutoa chapati kama ishirini na nne za wastani.

Pili, keki. Hapa ndipo penye utamu wenyewe, maana hatuna oveni. Viungo ni hivi: unga wa ngano nusu kilo, ule unaoumuka wenyewe, siagi robo kilo, sukari robo kilo, mayai sita, nusu kikombe cha maziwa, na ganda la limau moja lililokunwa. Piga siagi na sukari kwa mwiko mpaka rangi igeuke kuwa nyeupe nyeupe. Mkono utauma, lakini usikome, kwa sababu hewa unayoiingiza hapo ndiyo itakayosaidia kuiinua keki. Tia mayai moja moja huku ukipiga. Kisha ingiza unga na maziwa polepole, ukikunja tu, usipige tena.

Sasa jiko. Weka sufuria kubwa juu ya jiko la makaa. Ndani tandaza mchanga mkavu, safi, wa kina cha vidole viwili. Funika mpaka mchanga ushike moto. Mimina keki katika sufuria ndogo iliyopakwa siagi, uiweke juu ya mchanga. Funika sufuria kubwa kwa sinia la bati, na juu ya sinia panga makaa ya moto. Kanuni ya nyanya ni kwamba makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, sehemu mbili kwa moja. Ukigeuza kanuni hiyo, chini kutaungua na juu kutabaki uji. Mchanga nao hufanya kazi ya kuusambaza moto polepole, usiichome keki mahali pamoja.

"Na joto nitalipimaje, nyanya?" nikauliza.

Akanyosha mkono wake wa kushoto juu ya sinia, mbali kidogo na makaa, akaanza kuhesabu kwa Kimaragoli. Alipofika sita aliuondoa. "Ukiuondoa kabla ya sita, punguza makaa. Ukifika kumi, ongeza." Nikaandika hilo pia, maana hicho ndicho kipimajoto chetu. Usifunue kwa dakika arubaini za kwanza. Keki ambayo haijashikana ikipigwa na baridi hubonyea katikati. Baada ya saa moja na robo hivi, choma kwa kijiti kikavu. Kikitoka safi, keki imeiva.

Kuku sitamweleza kwa kirefu. Mnyonyoe, mbabue juu ya miali ya moto ili malaika yote yaishe na apate ladha ya moshi, kisha mchemshe taratibu. Kuku wa kienyeji mkomavu hahitaji viungo vingi. Anahitaji subira ya saa mbili, chumvi, kitunguu na nyanya za shambani.

Siku yenyewe ya Krismasi 2024 tuliamka saa kumi alfajiri. Nyanya aliketi kwenye kigoda kati ya majiko mawili, akitoa amri kama kapteni wa meli. Dada zangu walisukuma, mimi nikakanda na kuchunga makaa. Watu ishirini na saba walikula. Firigisi ilikwenda kwa baba mkubwa, kama desturi inavyotaka. Baba mdogo alikula chapati nne bila neno, kisha akauliza kama kuna ya kubeba. Shangazi aliikata keki, akaionja, akaketi chini. "Hii ni ile ile," akasema, akamshika nyanya mkono. Ule wa kulia.

Jioni nyanya aliniomba nimsomee daftari lote kuanzia mwanzo. Akasikiliza akiwa amefumba macho. Nilipofika mwisho akasema, "Umeandika unga, umeandika maji, umeandika moto. Andika pia majina ya waliokula." Nikayaandika yote ishirini na saba.

Wanachama wenzangu, tunasoma mengi shuleni na hilo ni jema. Hata hivyo, kuna elimu nyingine iliyo mikononi mwa wazee wetu ambayo haina kitabu wala mtihani. Mwenye mkono huo akiugua, elimu yote huyumba. Keki ya dukani ni tamu, sikatai, na chapati za hoteli zinashibisha. Lakini hazijui jina la mtu yeyote nyumbani kwenu.

Kwa hivyo mkiwa likizoni Desemba hii, chukueni daftari na kikombe cha kupimia, muingie jikoni, wavulana kwa wasichana. Msingoje mpaka mkono ulegee. Muulizeni nyanya, muulizeni mama, muulizeni na babu kama yeye ndiye bingwa wa kuchoma nyama. Andikeni kiasi, andikeni muda, andikeni na maneno wanayoyasema wakipika.

Na kama mngependa kujua hali ya mgonjwa wetu, mkono wake sasa unaweza kuviringa donge dogo la chapati. Kusukuma bado. Lakini juzi alinifukuza kidogo kutoka kwenye kibao, akisema nilikuwa nayaviringa madonge makubwa mno.

Nawatakia nyote Krismasi njema na mwaka mpya wenye heri.