Kutoka Mkomaindo hadi Newala: Tupate wapi mbegu za bustani?

Ndugu wakulima, huku kwetu Masasi na Newala msimu wa mvua ni mmoja tu kwa mwaka. Mvua huanza Novemba au Desemba. Huisha Aprili au Mei. Mbegu isipoota, mvua haitungoji. Basi tusafiri pamoja tukatafute mbegu nzuri.

MASASI MJINI

Tunaanzia Mkomaindo, kwenye hospitali. Kutoka hapa milima ya mawe ya Masasi inaonekana vizuri. Maduka ya pembejeo yako mjini. Huuza mbegu za nyanya, bamia, kabichi na mchicha.

Kabla ya kutoa fedha, soma pakiti. Sasa unajua kusoma, usingoje muuzaji akusomee. Tazama mambo matatu:

1. Jina la mbegu.
2. Tarehe ya mwisho wa kutumika.
3. Lebo ya TOSCI. Hii ni taasisi ya serikali inayokagua ubora wa mbegu.

Usinunue mbegu za kupimwa kwa kijiko kutoka kopo lililo wazi. Huwezi kujua umri wake.

Uliza pia kama mbegu ni chotara. Chotara huzaa vizuri. Lakini ukitunza mbegu zake na kuzipanda, mimea mingi haitafanana na mama yao. Itakubidi ununue kila mwaka. Nyanya iitwayo Tengeru 97 si chotara. Unaweza kukamua mbegu zake, kuziosha, kuzikausha kivulini na kuzipanda tena.

Mbegu nyingine zina rangi nyekundu au kijani ya kupakwa. Hizo zimetiwa dawa. Usizile, wala usiwape kuku. Anayelima bila dawa za viwandani aombe mbegu zisizotiwa dawa.

JUU YA UWANDA

Sasa tunaiacha Masasi. Barabara inapanda Uwanda wa Makonde mpaka Newala. Ukisimama Shimo la Mungu, unaliona bonde la mto Ruvuma. Ng'ambo yake ni Msumbiji.

Mahali hapa panapendeza, lakini watu wako juu na maji yako chini. Tangu miaka ya 1950 mitambo husukuma maji kutoka bondeni. Hata hivyo, maji bado ni shida. Kwa hiyo bustani ya hapa iwe ndogo, karibu na nyumba. Tia samadi, kisha funika udongo kwa majani makavu ili usikauke upesi.

Ghala jingine la mbegu liko jikoni. Akina mama wengi hutunza mbegu za kunde na choroko juu ya moto. Moshi hufukuza wadudu. Mbegu hizi zimezoea udongo wetu wa mchanga, nazo hazina bei ya duka. Ukienda kuomba kwa jirani, nawe chukua mbegu kidogo za kumpa. Mkono mtupu haulambwi.

Ukitaka karanga, mwulize Bwana Shamba au Bibi Shamba. Kituo cha utafiti cha Naliendele, karibu na Mtwara, kimetoa mbegu bora kama Pendo na Mnanje. Wako pia wakulima wanaozalisha mbegu za Daraja la Kuazimiwa. Mashamba yao hukaguliwa, nao huwauzia wakulima wenzao.

VIFAA

Nunua jembe, ndoo na keni ya kumwagilia. Samadi, majivu na majani ya mwarobaini usinunue. Yako hapo hapo kijijini.

JARIBU KWANZA

Hesabu mbegu 10. Zifunge katika kitambaa chenye unyevu. Kisikauke. Baada ya siku 7 hesabu zilizoota. Zikiwa 8 au zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiwa 6 au 7, panda nyingi zaidi kila shimo. Zikiwa 5 au chache zaidi, tafuta nyingine.

Fanya jaribio hili Oktoba, mvua ikiwa bado. Ukiona mbegu ni mbovu, utakuwa na muda wa kurudi dukani, au kupiga hodi kwa jirani.