Gramu 249 za Droni na Kamati ya Harusi Iliyotaka Maua Yadondoke

Jamaa mmoja wa Kibaha, pande za Picha ya Ndege (ndiyo, mpiga picha wa droni anaishi Picha ya Ndege, msicheke), amepoteza mteja Kisarawe kwa sababu ya kifuko cha maua. Vijiweni wanasema ana maringo. Hebu tuiweke sawa.

Kazi yake ni kushuti harusi. Droni yake ni DJI Mini 2, ile iliyotoka 2020, uzito haufiki gramu 249. Robo kilo ya sukari inaizidi. Kiwandani wanasema inakaa hewani hadi dakika 31, ila hizo ni dakika za siku isiyo na upepo na droni isiyobeba kitu. Kisarawe mji uko mlimani, upepo haukosi.

Ilianza na taa. Fundi simu wa Maili Moja akamfungia vitaa vya rangi, watu ukumbini wakapagawa. Basi kila kamati ikaja na lake. Hawa wa Kisarawe ndio wakavunja rekodi: droni ibebe kifuko cha waridi, maharusi wakitoka kanisani kifunguke, maua yawamwagikie. Mwenyekiti wa kamati, shangazi wa bibi harusi, aliona video ya Dubai. "Mwanangu, wenzio wameweza, wewe unashindwa nini?"

"Nitajaribu, mama."

Fundi naye akasema inawezekana. Fundi gani Bongo amewahi kusema haiwezekani? Wakaenda kiwanjani asubuhi, ikapaa. Wengi hapo wangeshangilia. Jamaa akaitazama vizuri: panga zinalia kama nyuki waliochokozwa, kaupepo kakipita inalala upande, betri inashuka mbio. Kibaya zaidi, kifuko kinaziba vile vijicho vya chini ambavyo droni inatumia kujua ardhi iko umbali gani. Ukiishusha inachanganyikiwa, inadhani imeshafika kumbe bado iko juu. Sasa weka hiyo kichwani kwa bibi harusi, na chini yake watoto wanaogombania maua. Panga za Mini ni ndogo, sawa, lakini na jicho la mtoto ni dogo.

Halafu kuna TCAA. Kurusha droni kikazi kunataka kibali, na mashine ukishaigeuza kuwa kitu kingine usitegemee kibali kikutetee damu ikimwagika.

Akapanda bodaboda mpaka Kisarawe. Shikamoo, marahaba, akaeleza yote. Akatoa na njia nyingine: vijana wawili wapande juu ya stuli, wamwage maua kwa mikono, droni ishuti kutoka juu. Kwenye video hakuna atakayejua. Wazo zuri kabisa, na halina gharama. Shangazi akaguna tu. Jioni yake kazi ikapewa mtu mwingine.

Sasa kamati inadai advansi yake, shilingi laki moja. Jamaa hana, alishanunua betri ya ziada kwa ajili ya hayo hayo majaribio. Anasema alitumwa ajaribu, amejaribu. Kamati wanasema "nitajaribu, mama" maana yake alikubali kazi.

Wadau, kwa Kiswahili chetu cha vikao vya harusi, hiyo ni ndiyo?