Kisanduku cha Sindano (Sehemu ya 6)

Ukungu umeshuka Lushoto, nimetoka zamu, chai iko mezani. Leo tupige hesabu.

Kuna kituo nilifanya kazi huku milimani. Kisanduku cha kutupia sindano kilijaa mpaka mdomoni. Tukiomba kingine: "Subirini, tunabana matumizi." Usiku mmoja nikatumbukiza sindano, nyingine ikanichoma kidole.

Nikaosha kwa maji na sabuni, nikaripoti. Dawa za kinga ya VVU unaanza mapema, isizidi saa 72, unameza siku 28. Kichefuchefu jamani! Zamu zangu mbili akazishika mwenzangu, naye alikuwa hoi. Nyumbani nikamwambia baba watoto tutumie kondomu mpaka majibu ya mwisho. Akanyamaza weee, kisha akasema, "Sawa, mama." Ukimya ule hauandikwi kwenye bajeti yoyote.

Ukichomwa na sindano ya mwenye VVU, uwezekano wa kuambukizwa ni kama 3 kwa 1,000. Homa ya ini B ni hatari zaidi kama hujachanjwa, na chanjo ni dozi 3 tu.

Sasa weka kwenye mizani: huku boksi la karatasi ngumu, kule dawa, vipimo, zamu na usingizi wa familia nzima. Nani kabana matumizi hapo?

Majibu yangu yalitoka salama, namshukuru Mungu. Na wewe unayepulizia kabichi dawa bila barakoa wala glovu, hesabu yako umeipiga? Niambie. Sehemu ya 7 kesho.